Kobe Si Kuku: Mtoe Kwenye Sakafu, Mpe Nyasi

Leo tunawaweka kando kuku wa kienyeji na mbuzi, tuzungumze kuhusu mnyama ninayekutana naye kwenye kaya ninazotembelea lakini ambaye hatajwi ninapouliza, "Mna mifugo gani hapa?" Utaambiwa mbuzi 4, kuku 12, bata wawili watatu. Ukizunguka nyuma ya nyumba unamkuta kobe kwenye kona ya ukuta, anasukuma tofali kwa kichwa kama vile kuna mlango. Ukiuliza, unajibiwa, "Ah, huyo kobe tu, wa watoto."

Msimamo wangu nauandika mapema ili asiyekubaliana nami ajue tunabishana kuhusu nini. Kwa ninavyoona, kobe wa majumbani hawafi kwa uzee wala kwa magonjwa ya ajabu. Wanakufa kwa chakula cha jikoni na sakafu ya saruji, na wanaowapa vitu hivyo viwili ni watu wanaowapenda kweli.

Kinachofanya jambo hili liwe gumu kulieleza ni kwamba kobe anakufa polepole mno. Kuku ukimlisha vibaya, ndani ya wiki chache ataacha kutaga, manyoya yatachakaa, utajua kuna tatizo. Ng'ombe maziwa yatapungua kesho yake tu. Kobe ukimlisha vibaya leo, mwaka ujao bado anatembea, na mwaka unaofuata pia. Ni mnyama wa damu baridi, mwili wake unaendeshwa na joto la jua, kila kitu ndani yake kinakwenda taratibu, ukiwemo ugonjwa. Halafu amevaa gamba, kwa hiyo akikonda humwoni mbavu. Ndiyo maana mtu anakujibu kwa kujiamini kabisa: "Afisa, huyu anakula ugali mwaka wa 4 sasa, hajawahi kuumwa hata siku moja." Ameumwa. Hujaona tu. Kobe anayeweza kuishi miaka 50 au zaidi akifa akiwa na miaka 7, wewe utasema aliishi sana, kwa sababu unamlinganisha na mbwa.

Kobe yupi tunayemzungumzia

Hapa nazungumzia kobe wa nchi kavu. Nalisema hili kwa sababu bado kuna watu wanamchanganya na kasa. Kasa ana makasia, anaishi baharini, huja nchi kavu kutaga tu. Kobe ana miguu minene kama ya tembo mdogo na hajui kuogelea. Ukimtia kwenye simtanki au pipa la maji ukidhani unamrudisha kwao, umemzamisha.

Anayeonekana zaidi majumbani ni yule mkubwa mwenye gamba la duara lililoinuka, rangi ya manjano yenye madoa meusi. Wataalamu humwita Stigmochelys pardalis, na jina hilo la pili linamhusu chui kwa sababu ya madoa. Huyu ni mla nyasi. Yupo mwingine mdogo, mwenye bawaba nyuma ya gamba inayomwezesha kufunga sehemu ya nyuma kama mlango. Huyu porini anakula pia uyoga, konokono na majongoo. Na yupo yule bapa kama chapati, anayejibana kwenye nyufa za mawe katika maeneo makavu ya kwetu na Kenya. Huyo wa tatu nitasema neno moja tu: usimguse. Yuko hatarini kutoweka kabisa duniani, na tangu 2019 amewekwa kwenye daraja la juu kabisa la ulinzi katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori. Hakuna ushauri wa ufugaji wake utakaousoma hapa.

Yaliyobaki yote yanamhusu yule wa kwanza, wa madoa.

Tatizo la sahani ya jikoni

Wafugaji wa mbuzi mtanielewa haraka. Mnajua kinachotokea mbuzi akivunja stoo akala mahindi mengi: tumbo linavimba, tindikali inapanda, na usipowahi anakufa. Sababu ni kwamba tumbo lake limejengwa kuchachusha nyasi kwa msaada wa vijidudu, na wanga mwingi unawavuruga vijidudu hao. Kobe naye anachachusha nyasi, tofauti ni kwamba yeye anafanya kazi hiyo kwenye utumbo mpana, kama farasi na sungura. Ugali, wali, mkate na viazi ni wanga mtupu. Vikiingia mule vinachacha vibaya, vinazalisha gesi na kuharisha, na minyoo na vijidudu wabaya ambao siku zote wapo kidogo wanapata sherehe. Kwa mbuzi unaona ndani ya saa chache. Kwa kobe unaona kinyesi laini leo, laini kesho, mpaka unazoea na kusema ndivyo kilivyo. Kinyesi cha kobe mzima kimeshikana, kinaonekana nyuzi za nyasi ndani yake, karibu kama cha punda lakini kidogo.

Matunda ni mtihani wa pili. Kobe anapenda ndizi, embe, papai na nyanya kuliko chochote, na hapo ndipo tunapojidanganya, kwa sababu tunaona anavyokimbilia (ndiyo, kobe anakimbilia). Mtoto wako naye anapenda pipi kuliko mchicha, sijakuona ukimpikia sufuria ya pipi. Sukari ya matunda inamfanyia kobe kazi ileile ya ugali. Kipande kidogo cha papai mara moja kwa wiki mbili hakimuui. Ganda la tikiti kila siku mchana linamuua taratibu.

La tatu ni chakula cha kuku. Hili naliona zaidi kwa wafugaji wenye banda la kuku, kwa sababu mfuko upo pale, na kobe anapita chini anaokota kilichomwagika. Chakula cha kuku kimetengenezwa ili kifaranga akue haraka auzwe. Kobe hatakiwi kukua haraka. Akikua haraka kuliko mifupa yake inavyoweza kufuata, gamba linaota vilima vilima na figo zinabeba mzigo wa protini zisioumudu. Dagaa, nyama na chakula cha mbwa ni hivyohivyo. Kama kobe wako anaingia bandani, weka kizingiti cha tofali mbili mlangoni: kuku ataruka, kobe hataweza.

Sasa ale nini? Nyasi. Najua umesubiri jina la dawa au mchanganyiko fulani, lakini jibu ni nyasi. Ukigawanya chakula chake katika sehemu 10, sehemu 8 ziwe nyasi na magugu ya kawaida. Ukoka ni mzuri sana na unaota bila kuombwa. Majani ya tembo yakiwa machanga, yakatwekatwe, anakula. Mchunga, lile gugu chungu lenye maua ya manjano ambalo watu wa Pwani wanalipika, kwake ni chakula bora. Majani na maua ya hibiskasi ya kwenye ua yanamfaa mno. Maua yakidondoka mwache ayaokote mwenyewe. Dungusi kakati, lile lenye matawi bapa ya kijani, lichome miba kwanza, likate vipande, mpe. Lina maji na madini ya chokaa kwa wingi, na wakati wa kiangazi linamsaidia kweli. Majani ya matembele na mlonge kidogo kidogo hayana shida. Kiangazi kikikaza mpe nyasi kavu, zilezile unazomhifadhia ng'ombe, mradi hazina ukungu.

Mchicha na kabichi ni vya kuongezea tu. Mchicha una oksaleti, kitu kinachoshika madini ya chokaa yasitumike mwilini, na kabichi ikiwa ya kila siku inasumbua tezi ya shingo. Hapa najua kuna atakayenikumbusha kobe wa kisiwa cha Changuu kule Zanzibar, wanaolishwa majani ya mboga na watalii na bado wamezeeka. Ni kweli. Lakini wale ni kobe wakubwa wa asili ya Aldabra huko Shelisheli, jamii tofauti, madume yao yanaweza kuzidi kilo 200, na wana eneo la kutembea chini ya miti. Na ukitaka kumtumia Changuu kama mfano, utumie mfano wote: waliletwa 4 kama zawadi mwaka 1919, wakazaliana wakafika kama 200 kufikia miaka ya 1950, halafu wakaibiwa mmoja mmoja kwa ajili ya kuliwa na kuuzwa mpaka mwaka 1996 wakabaki 7. Majani ya mboga siyo yaliyowamaliza. Waliwamaliza watu waliomwona kobe wakataka kwenda naye nyumbani.

Usikate nyasi kando ya shamba lililopuliziwa dawa juzi, wala kando ya barabara kuu. Usiweke bandani kwake mimea ya uzio yenye sumu: mbono, mbarika, na mnyaa wenye utomvu mweupe ambao ukimwingia jichoni ni balaa. Na okota mifuko ya nailoni. Kobe haoni tofauti ya mfuko wa kijani na jani, na mfuko ukiziba utumbo hapo hatuna la kufanya.

Chokaa, jua na maji

Gamba ni mfupa. Nalirudia kwa sababu kila nikisema mtu anashangaa: gamba la kobe ni mfupa, uti wa mgongo na mbavu vimeungana nalo, na juu yake kuna tabaka gumu kama la kucha. Hivyo anahitaji madini ya chokaa maisha yake yote, hasa anapokua. Saga maganda ya mayai yaliyochemshwa na kukaushwa juani, nyunyiza kidogo kwenye majani mara 2 kwa wiki. Mliopo Pwani mna bahati: ule mfupa mweupe mwepesi wa ngisi unaookotwa ufukweni, uoshe chumvi, uukaushe, umwachie autafune mwenyewe. Unanoa na mdomo wake pia.

Lakini chokaa bila jua ni kazi bure. Ngozi ya kobe inatengeneza vitamini D kwa kupigwa na jua moja kwa moja, na bila vitamini hiyo chokaa inapita tu. Jua la kupitia kioo cha dirisha halihesabiki, kioo kinazuia miale inayotakiwa. Kobe anayefugwa sebuleni, chini ya kochi, hata akilishwa nyasi safi kama za mfalme, mifupa yake inalainika. Dalili utaiona gamba likibonyea kidogo ukiligusa kwa kidole gumba, miguu inaburuta, mdomo unakua vibaya. Kwa kobe mzima gamba halibonyei, ni kama kugonga meza.

Maji, weka sinia pana, kina kisizidi kidevu chake akiwa amesimama. Anakunywa kwa kuzamisha kichwa mpaka puani na anaweza kukaa hivyo dakika kadhaa, usimkatishe. Atajisaidia humohumo, kwa hiyo badilisha kila siku. Ukiona uji mweupe kwenye mkojo wake ni kawaida. Ukiwa mgumu kama chembe za mchanga, hana maji ya kutosha. Vitoto vyake vinakauka haraka: vitie kwenye maji ya uvuguvugu yanayofika nusu ya gamba kwa dakika 15 hadi 20, mara 3 au 4 kwa wiki, ukiwa hapohapo umekaa. Usiviache kwenye beseni ukaenda kuangalia mboga jikoni.

Sakafu ya saruji si banda

Huyu mnyama porini anatembea. Sifa yake ni mwendo wa polepole, lakini ni polepole ya siku nzima. Ukimweka kwenye kibaraza cha saruji cha mita 2 kwa 2, kucha zinasagika, gamba la tumbo linachubuka, mchana saruji inachoma, usiku inanyonya joto lote la mwili wake. Na kwenye saruji hakuna cha kula, kwa hiyo anabaki kusubiri sahani yako, na tunarudi palepale kwenye ugali.

Kwa kobe mmoja mkubwa mimi sipendekezi chini ya mita 6 kwa 6 za ardhi yenye nyasi. Ukisema huna eneo hilo, nakuelewa kabisa, wengi wetu tumepanga. Basi usifuge kobe. Siyo lazima kila mtu awe na kobe.

Uzio uwe wa kuziba macho: tofali, mabati yaliyokunjwa kingo, mbao au magogo, urefu wa sentimita 50 hivi na sehemu fulani iingie chini ya udongo. Senyenge haifai, kwa sababu akiona ng'ambo atasukuma hapo kutwa nzima mpaka ajichane au anase kichwa. Kona nazo zizibe kwa jiwe ziwe za mviringo, maana kobe akifika konani anapanda, akipanda anaanguka kwa mgongo. Kobe aliyepinduka kwenye jua la saa 7 mchana asipoonekana hafiki jioni.

Kivuli ni lazima, na bati jeusi lililowekwa chini chini si kivuli, ni tanuri. Mti ndio mzuri, au kichaka, au kibanda cha makuti. Kwa usiku mpe kiboksi cha mbao au tofali kilichoinuliwa kidogo, kikavu, chenye nyasi kavu ndani. Kwa Dar es Salaam, Morogoro au Dodoma hicho kinatosha. Ndugu zangu wa Njombe, Makete, Lushoto na mitelemko ya Kilimanjaro, kwenu baridi ya Juni na Julai ni jambo jingine: mwingize ndani usiku, mtoe jua likishapanda. Baridi ikichanganyika na unyevu inampa ugonjwa wa mapafu. Ukiona povu puani, anapumua mdomo wazi na shingo ameinyoosha, usingoje wiki iishe.

Maadui wa kobe mzima ni wachache lakini mbwa anaongoza. Hata yule mliyemlea naye. Mbwa akikosa kazi usiku anatafuna kingo za gamba kama mfupa, na mfupa ndiyo hasa ulivyo. Vitoto vinaliwa na kunguru, kenge na nyoka, kuku wanavidonoa macho, na siafu wakivamia usiku wanamaliza vyote, kwa hiyo viwe na kiboksi chao chenye wavu juu. Na kama una gari, angalia chini kabla hujarudi nyuma. Kobe wanapenda kivuli cha gari.

Usiweke madume 2 pamoja, watapinduana. Dume utamjua kwa mkia mrefu na gamba la tumbo lililobonyea ndani.

Tundu kwenye gamba

Hapa naomba nisiwe mpole. Upo utaratibu wa kutoboa ukingo wa gamba, kupitisha waya au kamba, na kumfunga kobe kwenye mwembe kama mbuzi. Wanaofanya hivyo wanaamini wanatoboa kitu kisicho na uhai, kama kutoboa kifuu. Nimeshaeleza kuwa gamba ni mfupa. Mfupa huo una damu na una mishipa ya fahamu. Anasikia maumivu. Hapigi kelele kwa sababu hana sauti ya kupigia, basi. Baadaye tundu linaingia uchafu, mfupa unaoza kuanzia hapo kwenda ndani, nzi wanataga na funza wanaingia.

Kobe mmoja niliyemkuta amefungwa hivi alikuwa amezungusha kamba kwenye mti mpaka ikaisha, mguu wa nyuma umebanwa umevimba kama ndizi bukoba. Mwenye nyumba, mama mtu mzima na mwenye huruma, alikuwa amemwekea sahani ya ugali na nyanya mbele yake, maji pembeni, na kipande cha khanga juu ili asipigwe na jua. Alijitahidi. Kila alichokifanya kilikuwa cha upendo, na kila kitu kilikuwa kibaya. Tulikata waya, tukamtoa chini ya mwembe, na wajukuu wakapewa kazi ya kuzungushia matofali kipande cha bustani kilichokuwa kimeota ukoka.

Kama wako ana tundu, kata waya leo. Osha kwa maji safi, kisha pakaa ayodini ya vidonda uliyoichanganya na maji mpaka iwe na rangi ya chai ya rangi nyepesi, kila siku kwa wiki moja hadi mbili, na umweke mahali pakavu. Ukiona harufu mbaya, ute au mfupa unamomonyoka, hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo. Na msimpake gamba rangi ya mafuta wala kuandika jina la mtoto juu yake.

Dawa zilizopo stoo

Hii ndiyo sehemu iliyonisukuma kuandika makala yote. Duka la pembejeo likiwa karibu na dawa ya minyoo ikiwa ipo nyumbani, mfugaji anaona ni jambo la kawaida kumpa na kobe kidogo. Sindano ya aivamektini, ile tunayowachoma ng'ombe na mbuzi kwa minyoo na wadudu wa ngozi, ni sumu kwa kobe. Haijalishi umepunguza kiasi gani. Inampooza, anashindwa kuinua kichwa, anashindwa kupumua, na dawa ya kuiondoa hakuna. Usimchome, usimpake, usimnyweshe.

Kupe wapo kwenye kobe, hasa kwenye mikunjo ya ngozi karibu na miguu na mkia. Usimpeleke kwenye josho wala kumpulizia dawa ya kuogeshea. Dawa ile imepimwa kwa ng'ombe. Ng'oa kupe mmoja mmoja kwa kibano, taratibu, kichwa kisibaki, watie kwenye kikopo cha mafuta ya taa. Na kwa faida ya mifugo yako mingine, usimwache kobe aliyetoka porini alale zizini. Baadhi ya kupe wanaomkaa kobe wanaweza kubeba ugonjwa wa moyo kujaa maji, ule unaoua mbuzi na ng'ombe. Marekani ilipiga marufuku kuingiza kobe wa aina hii mwaka 2000 kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa watoto: kobe anaweza kubeba salmonela bila yeye kuumwa. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika, asibusiwe, asioshewe kwenye karai la vyombo, na mtoto wa chini ya miaka 5 asimchezee. Kuumwa tumbo na kuhara siyo "meno yanaota" kila wakati.

Kibali

Kobe ni mnyamapori wa nchi hii. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haikuruhusu kumkamata porini na kwenda naye nyumbani bila kibali, hata kama ulimkuta katikati ya barabara na ulitaka kumwokoa. Na gamba lililobaki akifa nalo ni nyara ya Serikali. Mimi nipo upande wa ugani, sitoi vibali. Anayehusika ni Afisa Wanyamapori wa wilaya yako au ofisi ya TAWA. Kama ulirithi kobe kutoka kwa babu, nenda ukaeleze kabla hujaulizwa. Usijifanye mwema ukampeleka kumwachia porini mwenyewe: kobe aliyelelewa kwa ugali hajui kutafuta, na anaweza kuwapelekea wenzake magonjwa. Ukimkuta barabarani, mvushe upande aliokuwa anaelekea, siyo alikotoka, maana atarudi tena. Mbebe chini chini kwa mikono miwili, mlalo uleule aliokuwa nao. Halafu endelea na safari yako.

Kumbadilisha aliyezoea ugali

Baada ya kusoma haya, kesho utamwekea nyasi na atagoma. Atanusa, atakupa mgongo, ataenda kusimama mlangoni pa jikoni. Utamhurumia, utampa kipande cha mkate, na utakuwa umemfundisha kugoma. Kobe mkubwa mwenye afya hadhuriki kwa kukosa hamu siku kadhaa, mradi maji yapo. Aliyedhoofu, mwenye macho yaliyodumbukia, huyo apelekwe kwa daktari kwanza.

Fanya hivi. Wiki ya kwanza katakata ukoka mdogo mdogo kama unakata mboga ya kisamvu, uchanganye na kile anachokipenda, nusu kwa nusu, ulowanishe ili asiweze kuchagua. Wiki ya pili nyasi ziwe nyingi zaidi. Wiki ya tatu bakiza harufu tu ya nyanya. Mpe asubuhi baada ya jua kumpasha moto, saa 3 au 4, maana kobe wa baridi hana njaa. Wengine wanachukua mwezi mzima, wengine miwili. Siku utakayomwona ameinamisha shingo anachuma ukoka mwenyewe ardhini, acha kumpelekea sahani.